Nyumba Iliyoipa Barabara Mgongo

Nina ugonjwa mmoja ambao watoto wangu wanaucheka. Nikipita mahali wanapobomoa nyumba ya zamani, nasimama. Nasimama kabisa, kikapu mkononi, navuta ile harufu ya vumbi la tofali la kuchoma lililochanganyika na chokaa na mavi ya popo, mpaka mafundi wanaanza kuniuliza, "Mama, unatafuta mtu?" Simtafuti mtu. Juzi nilisimama hivyo pale Bariadi mjini, kijana mmoja akanisogezea ndoo nikae, akidhani nimeishiwa nguvu. Nikakaa. Nikawaza nyumba ya Guku, babu yangu, kule Ngulyati, na siku niliyomuumiza yule mzee kwa mdomo wangu.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka miaka ile ya ruksa. Sabuni zilianza kuwa na rangi, mitumba ikatandazwa chini gulioni, na sukari ikawa kitu cha kununua tu bila kupanga foleni. Mimi nilikuwa kwenye umri wa kung'oka meno. Wazazi wangu walikuwa wakifanya kazi mbali, kwa hiyo nililelewa na Guku na Bibi. Nilikuwa mtoto wa maswali, tena yale ya kukera. Bibi alikuwa akisema mimi nilipozaliwa sikulia, niliuliza kwa nini kuna baridi.

Na ile nyumba ilikuwa ya kuulizia hasa. Kijijini kwetu nyumba nyingi zilikuwa za tope na nyasi, ndogondogo, zote zimepanga mstari zikitazama barabara. Ya Guku ilikuwa ya matofali ya kuchoma, juu ya msingi wa mawe makubwa ya mlimani. Paa lake lilikuwa na migongo minne, bati zito la zamani ambalo mvua ikipiga huwezi kumsikia mtu aliyekaa karibu yako. Baraza lilikuwa na nguzo tatu za matofali, na chini ya paa, mafundi walikuwa wameacha matundu ya pembetatu ili hewa ipite. Upande wa mashariki kulikuwa na chumba cha pamba. Msimu wa mavuno kilijaa mpaka karibu na kenchi zinazobeba bati, na sisi watoto tulipanda juu ya lile lundo tukalala chali tukitazama mbao. Hakuna godoro nililolalia maishani mwangu lililolifikia lile.

Ila nyumba ile iliipa barabara mgongo. Baraza, mlango, madirisha yote mazuri, vilitazama upande wa pili, kwenye uzio wa minyaa na zizi la ng'ombe. Ukitokea barabarani ulikutana na ukuta mtupu uliopakwa chokaa, mrefu, bila hata tundu, na kuni za Bibi zimepangwa kando yake. Wageni walikuwa wakizunguka nyumba nzima kutafuta pa kupigia hodi. Shuleni kwetu mwanafunzi mtukutu alikuwa anageuzwa uso ukutani asimame hivyo mpaka kengele. Basi mimi niliamini kwa dhati kuwa nyumba yetu imeadhibiwa. Nilimwuliza Bibi ilifanya kosa gani. Bibi alicheka mpaka akaweka ungo chini.

Halafu kulikuwa na zile alama. Kila ubao wa kwenye kenchi ulikuwa umechongwa mistari kwa patasi. Mmoja, miwili, mitatu, na kuendelea, na baada ya mitano kunawekwa msalaba. Na mimi nikiwa mtoto wa wafugaji, niliwahi kuona ng'ombe wakipigwa chapa. Nikapata jibu mwenyewe. Nyumba imepigwa chapa ili ikiibwa tufuate nyayo. Niliwaeleza wenzangu shuleni kwa kujiamini kabisa, na kuna mmoja alienda kwao akakagua kenchi za baba yake, akarudi analia kwamba wao nyumba yao haina chapa.

Bibi ndiye aliyenitoa ujinga. Siku moja tulikuwa tunamwaga mahindi kwenye chumba cha pamba, nikamwonyesha zile chapa, akasema, "We Kabula, nani aibe nyumba? Hizo ni za kuhesabia. Nyumba hii haikujengwa hapa."

Macho yalinitoka. Akanieleza, huku akimwaga mahindi, kwamba Guku aliijenga ng'ambo ya mto alipokuwa kijana, kwa pamba yake mwenyewe, miaka ambayo pamba ilikuwa inamtoa mtu. Alichoma matofali kwa misimu miwili. Alipoambiwa na serikali, yeye pamoja na wenzake wote, wahame waje kukaa hapa kando ya barabara, wengine waliacha kuta zao zikaanguka. Guku alikataa. Aliivunja nyumba yake taratibu, tofali moja moja, na iliwezekana kwa sababu matofali yalishikwa kwa udongo, si saruji. Hakujua kuandika, ndiyo maana akachonga mistari, ajue ubao upi ulikaa wapi. Wakavusha kila kitu kwa mikokoteni ya ng'ombe mto ulipokauka, na hapa akaisimamisha tena kama ilivyokuwa. Kule walikotoka kuliitwa itongo, maana ndivyo tunavyopaita mahali palipokuwa na kaya na sasa hapana.

"Kama ilivyokuwa? Na kule iliipa barabara mgongo?"

"Kule hakukuwa na barabara," Bibi akasema, akaondoka na debe lake tupu.

Tangu siku ile sikutulia. Nilianza kuisoma nyumba kama wenzangu walivyosoma vitabu. Nikagundua kuwa hata milango ilikuwa imehesabiwa. Juu ya kila mlango kuna ile boriti inayobeba ukuta, mafundi wanaiita linta, na za kwetu zilikuwa za mbao ngumu nyeusi. Mlango wa barazani ulikuwa na mistari miwili. Chumba cha Guku mitatu. Chumba cha pamba minne, chumba chetu sisi watoto mitano. Nilizunguka nyumba yote, nikapanda hata juu ya vigoda nione vizuri. Mlango wenye mstari mmoja haukuwepo!

Nikamwendea Guku. Alikuwa amekaa barazani anasokota kamba ya katani pajani.

"Guku, mlango namba moja uko wapi?"

Mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. "Umeenda kuchunga."

"Utarudi lini?"

"Jua likizama."

Nami, jamani, nikakaa nje mpaka ng'ombe wakarudi zizini, nikawahesabu mmoja mmoja. Guku alicheka hadi akakohoa. Tulikuwa tunapendana sana mimi na yule mzee. Alikuwa akirudi shambani ananiletea hata tunda moja la porini ndani ya kofia yake, na mimi ndiye niliyekuwa namtafutia katambuga zake, viatu vyake vya tairi, asubuhi. Lakini swali langu hakulijibu.

Niliuona mlango namba moja masika ya mwaka ule. Kuni za Bibi zilikuwa zimepungua, mvua ikabambua chokaa kwenye ule ukuta mtupu wa barabarani. Juu kidogo ya kimo cha mtu mzima ubao mweusi ukachungulia, na kushoto kwake, mstari mmoja. Nikagonga matofali ya chini yake kwa jiwe. Sauti yake ilikuwa nyingine. Yalikuwa yamepangwa upesiupesi, hayakushikana na majirani zake. Nyumba ilikuwa na mlango wa kutazama barabara, na mtu aliuziba. Sikumwambia mtu. Nilikaa na siri ile moyoni, kila nikipita naichungulia.

Sasa, ruksa ilikuwa imefika hadi kwenye pamba. Zamani chama cha ushirika peke yake ndicho kilichonunua. Mwaka ule zikaja habari kwamba watu binafsi watanunua, na mawakala wao walikuwa wanapita na pikipiki wakitafuta nyumba imara za barabarani, wazipange ziwe za kuweka mizani na marobota. Baba mdogo Masanja, mdogo wake baba yangu, alikuwa amekwenda Mwandoya akaona wenzake walivyobadilika. Alirudi hashikiki. Alikuwa na mchumba aliyemsubiri muda mrefu, na alitaka kitu cha kuanzia maisha mbali na jembe.

"Baba," alimwambia Guku tukiwa tunakula, "nyumba hii ni dhahabu, lakini imekaa kinyumenyume. Tukate mlango upande wa barabara. Mlango mmoja tu. Wakala ameniambia ataichukua msimu huu huu."

"Ukuta ule haukatwi."

"Kwa nini?"

"Haukatwi, Masanja."

"Si unipe sababu, baba. Watu wanasonga mbele, sisi tunatazama minyaa!"

Guku alinawa mikono kabla ya kushiba. Siku zilizofuata hazikuwa nzuri. Masanja alikuwa akirusha maneno, Guku ananyamaza, Bibi anapita katikati yao na bakuli. Mwishowe Guku akasema, "Mlete fundi. Akisema ukuta unakatika, ukate. Akisema utaangusha paa, usiniulize tena." Alijua anachokisema. Alijua ukuta wa matofali yaliyoshikwa kwa udongo ukiukata bila linta unakushukia wote kichwani.

Fundi alikuja asubuhi, mtu mwembamba mwenye kipande cha penseli sikioni. Akagonga hapa, akagonga pale, ndani sebuleni tu, palipokandikwa udongo mzito. Akatikisa kichwa. "Masanja, mzee kasema kweli. Hapa tukitoboa tunajizika. Labda tuvunje ukuta wote tujenge upya, na hilo huliwezi."

Masanja alikaa chini pale pale, mikono kichwani. Guku akashusha pumzi. Sijawahi kumwona mtu akifurahi kimyakimya namna ile. Akamwita Bibi amletee fundi togwa. Na mimi nilikuwa pale, na siri yangu, na kiherehere changu. Nilimwonea huruma Baba mdogo, ni kweli, lakini nisijitakase. Nilichotaka hasa ni kuonekana kwamba najua.

"Fundi! Linta ipo! Ni namba moja, mimi nimeiona!"

Nikamshika mkono, nikamvuta hadi nje, nikaondoa kuni, nikamwonyesha. Fundi akagonga matofali, akapiga mluzi. "Mzee, mbona hapa kulikuwa na mlango? Hii ni kazi ya asubuhi moja!" Masanja alinibeba juu juu. Nikiwa kule juu mabegani kwake nikamtafuta Guku nipate kusifiwa naye. Alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, kibuyu cha togwa mkononi. Hakukasirika. Alinitazama tu, uso wake umelegea, kisha akaweka kibuyu chini akaingia ndani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na wala sikujua kosa langu.

Siku tatu Guku hakuniita jina. Nilimtafutia katambuga, akavaa bila neno. Nilimwamkia, "Mwangaluka, Guku," akaitikia jinsi anavyomwitikia mpita njia. Siku ya nne nikaacha kula. Ndipo Bibi alipotukalisha jikoni mimi na Masanja, sote wawili, tukimsaidia kukata viazi vya kuanika michembe.

"Wewe Masanja ulikuwa mchanga, bado unabebwa mgongoni," akaanza. "Unadhani mlango ule ulizibwa kwa nini?"

"Si wezi?"

"Wezi gani. Ulizibwa kwa ajili ya mama yake baba yako."

Akatueleza. Walipohamia hapa, mama yake Guku alikuwa mzee sana na akili zimeanza kutangatanga. Guku aliisimamisha nyumba kama viongozi walivyoagiza, mlango mkubwa unatazama barabara, na barabara ile ndiyo inayokwenda mtoni, na mtoni ndiko njia ya itongo. Kila asubuhi yule mzee alifungua mlango, akaona njia, akaanza kwenda. Kila siku walimrudisha. Siku moja ya masika akatoka, hakuna aliyemwona. Walimkuta kesho yake ng'ambo ya mto, amekaa penye mawe ya msingi, mahali palipokuwa na mlango, kalowa chapachapa. Hakumaliza wiki. Walipotoka kumzika, Guku akachanganya udongo akauziba mlango kwa mikono yake, hakumruhusu mtu amsaidie, na ule wa nyuma, wa barazani, ndio ukawa wa kuingilia. "Na toka hapo," Bibi akasema, "hajawahi kuikanyaga ile njia. Miaka yote hii. Hata sasa watu wanarudi kulima matongo yao kwa ruksa, yeye haendi."

Masanja aliacha kisu. "Basi mama. Nitamwambia fundi asije." Alisema hivyo, nami nilijua mchumba wake alikuwa ameshaambiwa habari za wakala. Mimi nililia. Nililia kwa kelele, pua zinatiririka, nikajifunika kanga ya Bibi nisionekane.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na mtu akinigusa mguu. Alikuwa Guku. Alikuwa ameshika patasi na nyundo.

"Wewe uliyeuona mlango, njoo uutoe."

"Guku, Baba mdogo amesema asikate mtu."

"Masanja hakuuziba yeye. Njoo."

Alianzia juu, chini ya linta. Kila tofali aliligonga polepole pembeni, likalegea, akanikabidhi, nikalipanga sebuleni. Vumbi lilitujaa puani. Bibi alikuja akasimama mlangoni mwa chumba chao akajifunga kanga vizuri. Tulipofika katikati, mwanga ukaingia, ukamwangukia Guku kifuani, naye akaanza kuongea kama anaongea na ukuta.

"Nimeulaumu mlango huu. Mlango una kosa gani? Majani yalikuwa yamezidi pamba. Nikasema wote shambani, asibaki mtu. Bibi yako alitaka kubaki na mayu." Hivyo ndivyo alivyomtaja mama yake, kwa neno la kwetu. "Alinisihi abaki. Nikamkemea. Nikasema mzee hawezi kufika popote."

Nikamgeukia Bibi. Katika yote aliyotueleza jikoni, hilo alilificha. Alikuwa anatazama sakafu.

Tofali la mwisho lilipotoka ilikuwa jua limeshapanda. Barabara ilionekana yote kutoka sebuleni, nyekundu, yenye madimbwi, ikishuka kuelekea mtoni. Guku akasimama pale kizingitini muda mrefu. Nilidhani ataniita tufagie. Badala yake akalivuta shati lake, akapangusa uso, akatoka. Akashika njia.

Bibi akanisukuma begani. "Mfuate. Usimwite. Mfuate tu."

Nikamfuata. Alitembea bila kugeuka, nami nyuma yake hatua kama ishirini, nikikwepa madimbwi aliyokwepa. Mtoni maji yalikuwa ya magoti. Alinisubiri hapo, akanipa mkono, tukavuka, akaniachia, tukaendelea. Watu waliokuwa wakipalilia waliinua vichwa wakamwamkia, "Mwadila," akawaitikia. Nilikuwa na maswali kumi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuuliza hata moja.

Itongo lilikuwa majani matupu. Minyaa iliyokuwa uzio ilikuwa imerefuka kuwa miti. Guku alipita katikati ya majani kana kwamba bado kuna vyumba, akizunguka mahali palipokuwa na kuta, na mguu wake ukagonga mawe ya msingi aliyoyaacha. Akakaa juu ya jiwe moja. Nami nikakaa chini karibu yake.

"Leo huulizi?" akasema.

"Hapana, Guku."

"Uliza bwana. Njia nzima umenyamaza, unanitisha."

Ikabidi niulize. "Alikuwa anangoja nini hapa?"

Guku alipapasa jiwe alilokalia. "Nilipomkuta, alinigombeza. Mayu alinigombeza! Akasema, mmekwenda wapi siku zote hizi, mvua inanyesha, ng'ombe hawajarudi, nawangoja ninyi." Akanigeukia. "Alidhani sisi ndio tuliopotea."

Akalia. Sikuwa nimewahi kumwona mwanaume mzima akilia, na Guku hakujificha. Alilia akiwa amekaa wima, mikono magotini. Nikamshika kidole kimoja. Baadaye alipenga kamasi, akang'oa majani yaliyoota kati ya mawe mawili, akasimama.

"Haya, Kabula. Pita mbele, twende nyumbani."

Aliniita jina. Nikapita mbele, nikasikia katambuga zake zikija nyuma yangu, mtoni akanibeba. Tulipopanda kutoka mtoni nyumba ikaonekana kwa mbali, na ule mlango mpya katikati ya ukuta wa chokaa. Palizi ilikuwa imechacha, kijiji kizima kilikuwa mashambani. Bibi alikuwa amekaa mlangoni juu ya kigoda, mkono juu ya macho, anatazama barabara. Siku ile hakwenda shambani.